KUMCHEKA MKUBWA NI USHUJAA?

Wakatekumeni wapenzi, kuna ulizo ambalo vijana wengi wanaulizana siku hizi, nalo linastahili jibu la makini. Je, Mkristu anaruhusiwa kumcheka mtu mwenye mamlaka? Na akimcheka, amefanya tendo la haki au ametenda dhambi?

Ulizo hili limeingia vijijini kwa njia ya simu. Kijana mwenye simu ya intaneti, hata akikaa mbali na mji, anapokea kila siku picha ndogo zenye maneno machache. Katika picha hizo rais, waziri, askari au tajiri, pengine hata mwalimu au padri, anavikwa kichwa cha mnyama, au anatiwa mdomoni maneno ya kuchekesha. Watu wa mjini wanaziita mimu. Mmoja anaitengeneza, wa pili anaibadili kidogo, wa tatu anawatumia rafiki zake, na kabla ya jua kuchwa picha imezunguka nchi nzima. Hakuna ajuaye ni nani aliyeianza. Nyingi kati ya picha hizo zina neno moja ndani yake, nalo ni hili: wakubwa hawaogopwi tena.

Wengine husema kwamba huo ndio ushujaa, maana mnyonge hana silaha nyingine. Wengine husema kwamba huo ni utovu wa adabu, maana mamlaka hutoka kwa Mungu. Kila upande umeshika sehemu ya kweli, wala hakuna ulioshika kweli nzima. Basi inafaa kulipepeta jambo hili polepole, kama mama apepetavyo mchele, ili punje zibaki na makapi yapeperuke.

1. Picha za dhihaka ni za zamani

Katika mji wa Roma kuna kilima kiitwacho Palatino, ambapo zamani palisimama majumba ya makaisari. Mwaka 1857 palionekana hapo picha iliyochorwa ukutani kwa ncha kali. Wataalamu wengi huihesabu kuwa ya mwaka 200 hivi baada ya kuzaliwa Kristu. Inaonyesha mtu aliyesulibiwa, mwenye kichwa cha punda, na kando yake kijana aliyeinua mkono kama mtu anayesali. Maneno ya Kigiriki yanaeleza kwamba kijana huyo, Alexamenos, anamwabudu mungu wake. Bila shaka aliyechora alicheka, na wenzake wakacheka pamoja naye.

Picha hiyo inafundisha mambo mawili. La kwanza: kicheko hakithibitishi neno lolote. Waliocheka walikuwa wengi, naye Alexamenos pengine alikuwa peke yake, lakini kweli ilikuwa kwake. La pili: imepasa kuangalia nani anamcheka nani. Siku zile Wakristu walikuwa wachache na wanyonge, na kicheko hicho kiliwaangukia watu wasio na mtetezi. Ndivyo askari wa Pilato walivyofanya walipomvika Bwana wetu joho na taji ya miiba, wakapiga magoti mbele yake kwa mzaha. Mkristu hawezi kusahau kwamba Mwalimu wake alidhihakiwa.

Lakini Maandiko Matakatifu yanaonyesha pia maneno makali yanayowaelekea wakubwa. Juu ya mlima Karmeli nabii Elia aliwafanyia mzaha manabii wa Baali, waliokula mezani pa malkia Yezabeli. Na Yezu Kristu mwenyewe, alipoambiwa kwamba Herode anataka kumwua, alimwita mtawala huyo mbweha. Neno hilo lilifunua werevu mbaya wa Herode, nalo lilikuwa la kweli. Zaidi ya hayo, Yezu alilisema waziwazi, kisha akaendelea kuponya wagonjwa na kushika njia ya Yeruzalemu, mahali alipojua kwamba atauawa. Basi si kila neno linalomwumbua mkubwa ni dhambi.

2. Walimu wa Frankfurt walifundisha nini?

Mwaka 1923 katika mji wa Frankfurt, huko Ujerumani, palianzishwa chuo cha kuchunguza maisha ya jamii. Kati ya walimu wake waliosifika walikuwa Max Horkheimer, Theodor Adorno na Herbert Marcuse. Wengi wao walikuwa wa ukoo wa Kiyahudi. Hitler aliposhika utawala mwaka 1933, walilazimika kukimbia, na chuo chao kikapata makao New York. Walikuwa wameona kwa macho yao taifa lenye shule nyingi na vitabu vingi likimfuata dhalimu. Ndipo wakajiuliza: kwa nini watu wenye akili wanakubali kutii uovu? Mwaka 1937 Horkheimer aliandika kuieleza njia yao ya kufikiri, ambayo kwa Kiswahili inaweza kuitwa nadharia ya kuhoji.

Fundisho lao la kwanza ni hili: usitosheke na sura ya kitu. Uliza ni nani aliyekitengeneza, kinamfaidi nani, na mateso ya nani yamefichwa ndani yake. Mtu wa kawaida akishika simu anaona kioo kinachong'aa. Mtu anayehoji anaona pia wachimbaji wa kobalti wa Kolwezi na wachimbaji wa koltani wa Rubaya, ambao jasho lao limo ndani ya simu ile. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, lakini wachimbaji wengi wanabaki maskini. Kuuliza hivyo si dhambi. Manabii waliuliza hivyo mbele ya mashamba na nyumba za matajiri wa Israeli.

Fundisho la pili limo katika kitabu ambacho Horkheimer na Adorno walikitoa mwaka 1947. Walisema kwamba katika nchi za viwanda hata furaha hutengenezwa kama bidhaa. Mtu anachoka mchana kutwa, jioni anauziwa kicheko, kesho anarudi chini ya nira ileile. Kicheko cha namna hiyo hakimpi uhuru, kinamtuliza tu, kama dawa inayoondoa maumivu na kuacha kidonda kikioza.

Fundisho la tatu alilikaza Marcuse katika kitabu cha mwaka 1964: jamii ya matajiri ina tumbo kubwa, inaweza kumeza hata maneno ya wapinzani wake, kisha ikayauza.

Huu hapa mfano wake. Mwaka 1605 huko London, Mwingereza Guy Fawkes alikamatwa akilinda baruti iliyowekwa chini ya jumba la Bunge ili kumwua mfalme na wakubwa wake. Alikuwa Mkatoliki, na Wakatoliki wa nchi ile walikuwa wakiteswa. Hata hivyo shauri lile lilikuwa la uuaji, wala Kanisa halimhesabu kati ya mashahidi wake. Miaka mingi baadaye uso wake ulifanywa kinyago katika kitabu cha picha, kisha katika sinema. Mwaka 2011 watu waliokusanyika New York kupinga nguvu za matajiri walivaa kinyago hicho, nacho kikaenea duniani katika picha za mtandao kuwa alama ya kutotii. Lakini haki ya kinyago hicho ilikuwa mikononi mwa Time Warner, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za burudani. Kila kinyago cha halali kilipouzwa, kampuni ilipata sehemu yake. Waliopinga matajiri walimlipa tajiri ili wavae alama ya kumpinga.

Na picha za simu, je? Wenye mitandao hupata fedha kwa matangazo. Watu wakicheka na kukasirika zaidi, wanakaa zaidi mbele ya kioo, na wenye mitandao wanapata faida zaidi. Kijana aliyetuma picha mia moja kwa siku moja anaweza kudhani ametikisa kiti cha enzi, kumbe amelima bila ujira shamba la bwana mwingine.

Hata hivyo isisemwe kwamba picha na maneno ya simu hayana nguvu. Tarehe 31 Desemba 2017 walei Wakatoliki wa Kongo walipofanya maandamano wakiwa na rozari na misalaba mikononi, serikali ilikata intaneti. Ikakatwa tena kwa siku karibu 20 baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018. Mtu hafungi mlango kwa kuogopa hewa tupu. Nguvu ipo, na kila nguvu aliyopewa mwanadamu atatolea hesabu mbele ya Mungu.

3. Mahali ambapo nadharia hiyo haifiki

Walimu hao walikuwa na macho makali, na Mkristu anaweza kuokota punje nzuri katika mafundisho yao. Walifundisha kuuliza: ni nani anayetawala, na kwa faida ya nani? Kanisa linaongeza ulizo la pili: ni nani anayetawala ndani ya moyo wako? Maana mtu anaweza kumdharau rais, na kumbe ni mtumwa wa hasira yake, au wa sifa za wenzake. Anaweza kumcheka mla rushwa wa Kinshasa, na kesho yake akampunja mjane kipimo cha muhogo sokoni. Mtu wa namna hiyo hajakataa udhalimu. Anakataa tu udhalimu wa wengine.

Ndiyo sababu Kanisa halimfundishi mtu kuhoji bila kumfundisha pia kuchunguza dhamiri.

4. Amri ya nne na amri ya nane

Amri ya nne inaagiza kuheshimu wazazi, na pamoja nao wote wenye mamlaka halali. Lakini kuheshimu si kusifu kila tendo. Mtakatifu Paulo aliwaandikia Waroma watii wenye mamlaka. Paulo huyohuyo, alipopigwa kwa fimbo mjini Filipi bila hukumu, na wakubwa wakataka kumtoa gerezani kwa siri, alikataa. Alidai waje wenyewe wamtoe. Hakuwatukana, wala hakuficha kosa lao. Mtume Petro naye alilijibu baraza kuu kwamba ni lazima kumtii Mungu kuliko wanadamu. Kanisa linafundisha vilevile hata leo: amri ya serikali ikipingana na sheria ya Mungu, raia amefungwa kwa dhamiri yake asiitii.

Amri ya nane inakataza ushahidi wa uongo. Kumzulia mtu kosa ambalo hakulitenda ni kusingizia. Kufunua kosa la kweli la mtu bila sababu ya haki ni kusengenya. Siku hizi mashine za akili bandia zinaweza kutengeneza picha ya mtu akitenda jambo ambalo hakulitenda kamwe. Anayeitengeneza ili watu waamini uongo ametenda dhambi ya kusingizia. Naye anayeituma akijua ni ya uongo asijitetee kwamba alipitisha tu. Aliyebeba mfuko wa mwizi akijua kilichomo, je, hana sehemu katika wizi?

Lakini kiongozi akila fedha za dispensari na wagonjwa wakakosa dawa, kosa hilo si siri ya nyumbani mwake, maana limewaumiza wote. Kulisema kwa ushahidi, mahali panapofaa, ni kazi ya haki, hata likisemwa kwa mchoro unaochekesha.

5. Picha ya mti na picha ya jeneza

Jambo lililotokea Kenya linaonyesha vizuri tofauti hiyo. Mwaka 2023 sheria mpya ya fedha ilipandisha kodi ya petroli kutoka asilimia 8 hadi 16, na kukata asilimia 1.5 ya mishahara kwa ajili ya nyumba. Wananchi wakampa Rais William Ruto jina la Zakayo, yule mkuu wa watoza kodi wa Yeriko. Picha nyingi zikatengenezwa, rais akiwa juu ya mti. Hata yeye mwenyewe alilitaja jina hilo hadharani kwa ucheshi. Mwaka 2024 mswada mwingine wa kodi ulipoletwa, vijana walijaa barabarani wakimtaka Zakayo ashuke. Tarehe 25 Juni baadhi yao waliingia katika Bunge la Nairobi, polisi wakapiga risasi, na watu wengi wakafa. Kesho yake rais alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule.

Wakatekumeni wanaijua habari ya Zakayo katika Injili ya Luka. Umati wa Yeriko ulimchukia, na ulikuwa na sababu. Lakini angalieni yaliyotendeka chini ya mkuyu ule. Yezu alimwita kwa jina lake, akamwambia ashuke, akaingia nyumbani mwake. Umati ukanung'unika. Naye Zakayo akaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Kwa hiyo anayemwita mkubwa Zakayo amesema neno zito, pengine kuliko anavyojua. Amesema kwamba mtu huyo amekosa. Amesema pia kwamba anaweza kushuka, kurudisha na kuokoka. Picha ya mti inamshitaki mtu na kumwachia njia.

Mwishoni mwa mwaka uleule 2024 zilienea picha za namna nyingine, zikimwonyesha rais akiwa katika jeneza. Picha ya jeneza haimwambii mtu ashuke. Inamtakia mauti. Amri ya tano haikatazi mkono peke yake, maana Bwana wetu alifundisha kwamba chuki nayo ni mbegu ya uuaji. Katika siku zile vijana kadhaa waliosambaza picha za kumdhihaki rais walichukuliwa na watu wasiojulikana. Baadhi yao walirudi nyumbani mwanzoni mwa Januari 2025. Hapa imepasa kusema bila kusitasita: kumtakia mtu mauti kwa mchoro ni dhambi, lakini kumteka mtoto wa watu kwa sababu ya mchoro ni dhambi kubwa zaidi. Aliyechora alikuwa na kalamu, na aliyeteka alikuwa na nguvu na bunduki. Mungu atawadai wote wawili, na aliyepewa nguvu nyingi atadaiwa zaidi.

6. Ushujaa wenye gharama

Mkatekumeni ataulizia sasa: ushujaa wenyewe uko wapi?

Kongo ina jibu la karibu. Mjini Goma aliishi kijana Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa mwaka 1981. Alikuwa mmoja wa Jumuiya ya Sant'Egidio, na aliwapenda watoto wa barabarani. Kazi yake katika ofisi ya serikali ilikuwa kukagua bidhaa zinazopita mpakani. Chakula kilichooza kilipoletwa, watu walimpa fedha akipitishe. Akakataa, kwa kuwa chakula hicho kingewadhuru waliokila. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye heri, huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo.

Floribert hakuwa adui wa mamlaka. Yeye mwenyewe alikuwa mtumishi wa serikali, na sheria ya nchi ilimwagiza kukizuia chakula kibovu. Alimkatalia mwenye nguvu kwa sababu alimtii Mungu na kazi yake. Kutotii kwake kulizaliwa na utii mkubwa zaidi. Tena hakukataa akiwa katikati ya umati wenye kucheka, bali akiwa peke yake, mbele ya watu waliomjua jina.

Hiyo ndiyo mizani ya kupimia picha zote za simu. Kicheko kinaweza kuwa mwanzo mwema: kinaondoa woga, na kuwafumbua macho waliodanganywa. Lakini kikibaki kicheko tu, hakikumgharimu mtu kitu, na mara nyingi hakikumbadilisha mtu. Anayemcheka mla rushwa leo, siku atakapokaa yeye nyuma ya meza na bahasha ikapita chini yake, siku hiyo itajulikana kama alicheka kwa kupenda haki au kwa wivu.

7. Maulizo ya kukumbuka

Ulizo: Je, kila mzaha juu ya mkubwa ni dhambi?
Jibu: Hapana. Mzaha unaofunua kosa la kweli linalowaumiza watu, bila chuki, si dhambi.

Ulizo: Ni wakati gani unakuwa dhambi?
Jibu: Unakuwa dhambi ukiwa na uongo, ukimtakia mtu mabaya, ukimfedhehesha mnyonge, au ukitangaza siri ya mtu bila sababu ya haki.

Ulizo: Kabla ya kutuma picha, Mkristu ajiulize nini?
Jibu: Ajiulize mambo manne: Ni kweli? Inamfaidi nani? Inamwachia aliyekosa njia ya kushuka? Na mimi ninatenda lile ninalomdai mwingine?

Ulizo: Mkubwa akiamuru uovu, Mkristu afanye nini?
Jibu: Akatae waziwazi, bila uongo na bila chuki, naye awe tayari kulipa gharama, kama Mwenye heri Floribert.

Basi, wakatekumeni, siku ya Ubatizo mtaulizwa kama mnamkataa Shetani na mambo yake yote. Ninyi wenyewe mtajibu kwa sauti, mbele ya padri, wazazi na kijiji kizima. Hapo ndipo Mkristu anapojifunza kusema hapana. Anayelisema neno hilo kwa moyo wote ataweza kulisema tena mbele ya mkubwa yeyote wa dunia, hata bila picha.